Ramani ya bure kwenye simu: nani anaichora, na kwa nini kitongoji chako hakimo?

Kila tunapotangaza mkutano wa hadhara au siku ya chanjo, simu zinazoingia studio huuliza jambo lile lile: "Ni wapi hasa?" Siku hizi wengi wenu mnafungua ramani kwenye simu janja. Mjini inajibu vizuri. Ukiacha lami na kuingia ndani kidogo, skrini inabaki nyeupe, kana kwamba huku hakuishi mtu.

Watu wapo, anayekosekana ni wa kuwachora. Kampuni zinazotupa ramani bila malipo hupata fedha zake kwenye matangazo ya biashara, na matangazo hufuata maduka, hoteli na vituo vya mafuta. Kitongoji chenye kisima kimoja na kibanda cha kuchajia simu hakiwaingizii kitu. Hatuwalaumu, wapo kazini.

Ipo ramani nyingine ya bure inayokwenda kwa utaratibu tofauti. Inaitwa OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, wakati ramani za kina za nchi hiyo zilikuwa za kununua. Wazo lake lilikuwa jepesi: kila mtu achore eneo analolijua, halafu ramani nzima iwe mali ya wote. Wachoraji wengi hawalipwi chochote. Hata kampuni kubwa kama Meta na Microsoft zinaitumia.

Afrika Mashariki tumeshaonja matunda yake. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani ulikuwa kama pengo tupu. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko, pamoja na mitaro yake.

Lakini mfano unaotugusa zaidi huku vijijini ni wa Mara. Wilayani Serengeti kuna nyumba salama inayopokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Msichana au jirani akipiga simu usiku, akataja kitongoji ambacho hakimo kwenye ramani yoyote, wa kumfuata wataanzia wapi? Mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, uliingia hapo. Watu wa kujitolea walio mbali, wengine nje ya nchi, hutazama picha za setilaiti na kuchora nyumba na njia. Ila picha ya setilaiti haina majina. Aliye ng'ambo anaona bati linang'aa, hajui kama ni zahanati, kanisa au ghala la pamba. Jina linajulikana na mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayeliandika kwa simu yake.

Ndiyo maana tunasema ramani hii ni ya bure, lakini kuna waliotoa jasho.

Kwa anayetaka kuitumia, kuna programu kama OsmAnd na Organic Maps. Unapakua ramani mara moja, ukiwa kwenye Wi-Fi au bando la usiku, maana faili lake linaweza kufika mamia ya MB. Baada ya hapo haihitaji bando. GPS ya simu inapokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja, hivyo hata kusipokuwa na mtandao itakuonyesha ulipo. Dereva wa bodaboda anayebeba mjamzito usiku anajua thamani ya hilo. Mwenye kitochi atamtegemea mwenye simu janja.

Kuongeza mahali kunahitaji kufungua akaunti, nayo ni bure. Anzeni na vya umma: shule, zahanati, daraja, mnada, kituo cha maji. Msiandike majina ya watu kwenye nyumba zao, wala msiweke nyumba wanakojificha waliokimbia ukatili. Ramani hii anaiona kila mtu, hata yule anayewatafuta. Na bomba lililokufa liondolewe, kwa sababu likibaki pale kuna mama atatembea saa nzima na ndoo tupu.

Limebaki suala la majina. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha Operesheni Anwani za Makazi, na barabara nyingi zikapata majina na vibao. Vibao hivyo ni pa kuanzia pazuri. Sehemu nyingine jina la kibao na lile wanalotumia wazee hayafanani, na mabishano tumeyasikia hewani. OpenStreetMap ina nafasi ya jina rasmi na nafasi ya jina jingine, kwa hiyo yaandikeni yote mawili.