Mombasa Inabebwa na Lori

Wiki jana nilisimama nje ya mjengo mmoja hapa Mji wa Kale. Nyumba ya zamani ishabomolewa, ghorofa inakuja. Mashine inachimba msingi, lori linajazwa udongo. Kwenye ule udongo nikaona vigae vya vyungu, na kipande kimoja cheupe chenye maua ya buluu. Nikamuuliza fundi vinaenda wapi. "Si ni taka tu, ndugu yangu. Vinaenda kufukia shimo."

Wazee, tuongee ukweli. Kila shule ikija tripu Mombasa ni Fort Jesus. Kila msanii akitaka video ya "historia" ni Fort Jesus. Hata mimi, rudini kwa picha zangu za nyuma, ni mizinga tu. Ukitusikiliza utadhani mji ulizaliwa siku Mreno aliposhuka na mawe yake.

Sasa tuhesabu. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Ibn Battuta alipita hapa 1331, akakuta watu wanakula ndizi na samaki, wanaswali kwenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Hiyo ni miaka 262 kabla ya ngome! Halafu miaka ya 1970, Hamo Sassoon akachimba pale Coast General, pale pale tunapolaza wagonjwa wetu, akakuta mabaki ya mji uliokaliwa tangu karibu mwaka 1000.

Ile misikiti ya mbao iko wapi leo? Ilishaoza. Ngome ya Mreno inaonekana kwa sababu ni mawe. Mambo yetu mengi ya zamani yamebaki chini: alama ya nguzo, jivu la jiko, mifupa ya samaki, kigae. Na mwanaakiolojia hasomi kigae peke yake. Anasoma kilikuwa kina gani, kando ya nini, chini ya nini. Kikishachotwa na mashine na kumwagwa kwenye lori, hayo yote yamepotea. Kimebaki kokoto.

Najua mtaniambia, "Watu wanatafuta nyumba, wewe unalilia vyungu." Sipingi mjengo, mimi mwenyewe ni mpangaji na kodi inaniuma. Nasema hivi: kabla mashine haijashuka, wataalamu wapewe nafasi wachimbe, wapime, wapige picha. Halafu jengeni hata ghorofa kumi. Tena sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inataka ukikuta vitu vya kale uripoti. Nilipomtajia msimamizi wa mjengo, alicheka. Anaogopa kazi isimamishwe, basi heri lori liondoke mapema.

Kesho mtu akikwambia mji huu uliletwa na wageni, utamjibu na nini? Ushahidi wako si umeshafukiwa shimoni?

Kwa hivyo ukiona wanachimba Mji wa Kale, simama. Usiokote kitu. Piga picha, andika mahali, kisha peleka habari kwa watu wa makavazi. Ofisi yao iko wapi? Ndani ya Fort Jesus. Angalau kwa hilo, ngome ya Mreno itufae.

Mimi nilichelewa. Jana nilirudi pale, nikakuta zege limeshamwagwa.