Chakula cha njiani Busia na Tororo: kuuliza si aibu, kupunja ndiyo aibu



Likizo ya shule inapofika, familia nyingi za kwetu magharibi mwa Kenya huvuka mpaka kwenda kuwatembelea jamaa upande wa Uganda. Sisi nasi ni miongoni mwao. Mwezi wa Agosti tulitoka Mumias, baba, mama, watoto wanne na bibi yetu, tukashuka Busia, tukavuka kwa miguu, kisha tukapanda gari hadi Tororo kwa shemeji zetu. Safari yenyewe si ndefu. Lakini siku hiyo ilitufundisha jambo ambalo tumeona tusilinyamazie, nalo ni chakula cha njiani.

Miaka yote tulikuwa tunaamka alfajiri kufunga mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Tulikuwa na hofu mbili: hofu ya haramu na hofu ya tumbo. Hofu hizo zina msingi, hatuzidharau. Ila tumeona kwamba baadhi yetu tumezizidisha hadi tunapita mbele ya riziki nzuri ya Mwenyezi Mungu huku tumeziba pua. Na wapo wengine wasio na hofu yoyote, wanaokula kila kinachonukia bila kuuliza. Maoni yetu ni kwamba chakula cha njiani ni neema, hasa kwa familia yenye mfuko mdogo. Lakini anayekila ana wajibu wa mambo mawili: kuuliza kwa adabu na kulipa kwa haki.

Tuanze na neema yenyewe. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Hata neno boda boda, ambalo sasa linatumika Afrika Mashariki nzima, husimuliwa kwamba lilizaliwa hapa mpakani, pale vijana wa baiskeli walipokuwa wakibeba abiria na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Tangu mwaka 2014 Mkenya na Mganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na mwaka 2018 marais wa nchi zote mbili walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia. Watu ni wengi: madereva wa malori, wafanyabiashara wadogo, akina mama wenye mizigo, wanafunzi wanaokwenda Mbale kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988. Wote hao wana njaa, na wote wanahitaji kula upesi na kwa bei nafuu.

Ndiyo maana njia nzima ni jikoni. Kuna samaki wa Ziwa Viktoria, ngege na mbuta, waliokaangwa wakakauka vizuri. Kuna omena, ambao wenzetu wa Uganda huwaita mukene. Kuna mahindi ya kuchoma, mihogo, viazi vitamu, njugu, na vidonge vya simsim vyenye sukari ambavyo watoto wetu walivimaliza kabla hatujafika kwenye gari. Ukishavuka unakutana na gonja, zile ndizi kubwa za kuchoma, na kabalagala, vitumbua vya ndizi mbivu na unga wa muhogo.

Na kuna rolex. Msomaji asidhani tunazungumzia saa ya mkononi. Ni chapati iliyoviringwa pamoja na mayai ya kukaanga, kabichi, nyanya na kitunguu. Jina lenyewe linatokana na maneno ya Kiingereza rolled eggs, yaani mayai yaliyoviringishwa, yakatamkwa harakaharaka mpaka yakawa neno moja. Chapati ililetwa kwetu na Wahindi, wakiwemo wale waliokuja kujenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Waganda wakaiongezea yai, na leo rolex ni chakula cha mwanafunzi, fundi na hata mtu wa ofisini. Ukiila imetoka motoni, hutaki kitu kingine mpaka jioni.

Sasa tuje kwenye kisa. Tulifika Tororo mchana, ule mwamba mkubwa wa mji ukionekana tangu mbali, na watoto wakaanza kulia njaa. Karibu na tulipoteremka palikuwa na mama mmoja mwenye majiko mawili ya makaa. Kwenye moja alikuwa na kikaango bapa cha chapati, na kwenye la pili karai la mafuta, pembeni yake mihogo na soseji. Kijana wetu mkubwa, kwa kutaka kuonyesha kwamba anaijua dini, akauliza kwa sauti ya juu: “Nyinyi humu mnakaangia nguruwe?”

Wateja wote wakageuka. Yule mama hakujibu. Aliinamisha kichwa akaendelea kusukuma chapati zake.

Bibi akamvuta kijana nyuma, akasogea yeye. “Nnyabo, habari ya kazi? Pole na jua. Sisi ni Waislamu, tuna watoto hawa. Kipi hapa unaona tunaweza kula?”

Yule mama akafuta mikono yake. “Mama, mihogo msichukue. Kwenye karai hili nimekaangia soseji tangu asubuhi, na mimi sijui ni za nyama gani. Lakini rolex nakaanga hapa peke yake, na mafuta ni haya ya chupa.” Akatuonyesha chupa.

Tuliona haya. Mihogo ilikuwa imejaa kwenye beseni lake, na sisi tulikuwa watu saba. Angenyamaza tu tungeinunua, wala tusingejua kamwe. Yeye si Mwislamu, lakini alichagua kukosa mauzo kuliko kutulisha tusichokitaka.

Kisa hakikuishia hapo. Rolex ilikuwa shilingi 2,500 za Uganda, yaani kama shilingi 90 za Kenya. Baba, kwa mazoea ya safari, akasema: “Tuko saba, tufanyie elfu mbili mbili.” Yule mama akatazama watoto, akatazama mihogo yake, akakubali. Tukala, tukashiba, tukamshukuru Mola. Tulipokuwa tunanawa, baba akasema kwa furaha kwamba tumeokoa shilingi 3,500.

Bibi, ambaye aliuza mandazi Mumias kwa miaka mingi kabla magoti hayajamchosha, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mayai mawili. Unga. Mafuta. Makaa. Kabichi na nyanya. Nauli ya kubeba vitu hivyo asubuhi. “Sasa niambie, baba watoto, katika hizo elfu mbili yeye amebaki na nini? Amekwambia ukweli uliompunguzia mauzo, nawe umemlipa kwa kumpunguzia tena?”

Baba hakuwa na jibu. Alirudi na zile 3,500, akampa yule mama mkononi na kumwomba radhi. Na yule kijana naye akaenda akasema pole.

Ndugu wasomaji, ukizigeuza kwa pesa za Kenya, zile 3,500 hazifiki shilingi 130. Kwetu ni kitu kidogo. Kwa mwenye kibanda huenda ndiyo faida yake ya saa nzima. Tunaotoka Kenya tunafurahia jinsi shilingi yetu moja inavyobadilishwa kwa zaidi ya 25 za Uganda, na tunarudi nyumbani tukijisifu kwamba kule vitu ni bure. Si bure. Kuna mtu anayelipia urahisi huo kwa kuamka saa kumi usiku. Bei rahisi si ruhusa ya kupunja. Tunasoma Surat Al-Mutaffifin na kuwakemea wauzaji wanaopunguza kipimo, lakini mnunuzi mwenye nguvu anayembana muuzaji mnyonge naye ajiulize anasimama wapi. Biashara ya jumla ina mapatano yake, hatukatai. Lakini kwa sahani ya chakula yenye bei inayojulikana, tulipe bei inayojulikana.

Upande wa kuuliza, sisi si mashekhe, na mwenye shaka amwendee sheikh wake. Tunasema tu yale tuliyoona yanasaidia familia.

Kwanza, tujue cha kuulizia. Samaki hahitaji kuchinjwa. Mayai, mahindi, ndizi, viazi na njugu havina tatizo kwa asili yake. Tatizo linaweza kuwa kwenye mafuta na chombo, kama ilivyokuwa kwa ile mihogo. Kwa hiyo swali la kwanza ni: karai hili limekaangia nini tena?

Pili, nyama ndiyo ya kuuliza zaidi. Uganda nyama ya nguruwe inapendwa sana, na huchomwa kama nyama nyingine za muchomo. Katika machinjio mengi ya nchi zetu mbili ni desturi mchinjaji wa ng'ombe na mbuzi awe Mwislamu. Lakini kuku mara nyingi huchinjwa nyuma ya nyumba, na hapo desturi hiyo haikusaidii. Soseji nayo hata muuzaji huenda hajui imetengenezwa kwa nyama gani. Ukikosa jibu la wazi, chukua samaki au yai, na uondoke bila kununa.

Tatu, vinywaji. Ajono, pombe ya ulezi ya Wateso, inayonywewa chunguni kwa mirija mirefu, kila mtu anaijua. Lakini munanansi ya maganda ya nanasi, au bushera ya nafaka, ikikaa siku kadhaa huchacha, na mtoto hawezi kutambua. Uliza imetengenezwa lini.

Nne, kumbikumbi, ambao huliwa pande zote mbili za mpaka. Nzige wana ruhusa inayojulikana katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Kuhusu wadudu wengine wanazuoni wamehitilafiana, basi tusigombane barabarani. Kila mmoja afuate alichofundishwa.

Na hayo yote tuyaulize kama bibi alivyouliza: salamu kwanza, kisha ujitambulishe, kisha umwombe muuzaji akusaidie. Swali la yule kijana lilikuwa la haki, lakini alivyoliuliza ilikuwa shutuma. Mtu akishutumiwa hunyamaza, na akinyamaza wewe ndiye unayekosa habari uliyoihitaji.

Tusisahau tumbo. Qur'ani katika Surat Al-Baqara, aya ya 168, inatutaka tule kilicho halali na kizuri, yote mawili kwa pamoja. Chakula kinaweza kuwa halali na kikakudhuru. Mwanetu wa pili alikunywa juisi yenye barafu upande wa Kenya, na usiku mzima alikuwa akiendesha. Kosa lilikuwa letu, hatukuuliza maji yametoka wapi. Kipindupindu na homa ya matumbo huenezwa kwa maji na chakula kichafu. Basi chagua kibanda chenye wateja wengi, kwa sababu chakula hakikai. Chagua kinachotoka motoni mbele ya macho yako. Kachumbari na matunda yaliyokwisha kukatwa, waachie wengine. Beba maji yako na kipande cha sabuni, watoto wote wanawe kabla ya Bismillahi.

Jambo la mwisho kwa wanaorudi Kenya. Upande wa Uganda utafungiwa chapati kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni faini kubwa au kifungo. Usije ukaingia matatani kwa ajili ya kabalagala. Beba bakuli lenye kifuniko au kitambaa safi kutoka nyumbani.

Wazazi wenzetu, watoto hujifunza dini mezani, na hujifunza zaidi pale meza inapokuwa benchi la kando ya barabara. Pale Tororo watoto wetu walimwona mama asiye wa dini yao akisema ukweli wenye hasara. Wakamwona baba yao akikosea, kisha akirudi kurekebisha. Hatudhani wangeyapata hayo kama tungekaa garini na mkate wetu wa kutoka nyumbani.

Siku ya kurudi tulipita tena kwenye kile kibanda. Yule mama alitutambua kwa mbali. Alikuwa ameweka karai jingine dogo pembeni. “Hili la mihogo tu,” akamwambia bibi. Tulinunua mihogo ya watu saba, na hakuna aliyeomba apunguziwe.