ASKARI MZEE ASIITWE MWONGO

Kila tarehe 25 Julai Taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Leo twauliza: shujaa mwenyewe anapolalamika kwamba kumbukumbu yake imepotea, je, twampima kwa haki?

Askari na wanamgambo waliopigana Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, sasa ni wazee. Aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza alizaliwa mwaka 1958. Umri wake wa kuanza shule ulipita kabla ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi. Katika vijiji vya Bahi, Chamwino na Kongwa, mzee wa rika hilo huenda aliishia darasa la nne, au hakusoma kabisa, na lugha aliyolelewa nayo ni Kigogo.

Mzee huyo akipimwa akili, husomewa tarakimu azirudie kama zilivyo, kisha azirudie kinyumenyume. Akikumbuka chache mno, kanuni zilizotungwa ng'ambo humshuku kuwa hakujitahidi, au kwamba anajifanya mgonjwa ili apate fidia. Hatukatai kwamba fedha za umma zapaswa kulindwa, na wadanganyifu hawakosekani. Lakini hata huko Marekani, ambako askari wastaafu hupimwa sana kwa njia hizi, wataalamu wamekiri kwamba uchache wa masomo na ugeni wa lugha huweza kushusha alama za mtu mkweli. Hapo kipimo kinachodai kupima ukweli kinapima shule.

Njia iliyo bora ipo. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, wataalamu walitunga kipimo cha maradhi ya kusahau kinachowafaa wazee wasiojua kusoma: badala ya kuchora kwa kalamu, mzee hupanga njiti za kiberiti. Kipimo hicho hakikutungwa kutambua uongo, lakini chatufundisha kwamba mtu hupimwa kwa mambo anayoyajua.

Kwa hiyo, mzee apimwe kwa lugha anayoielewa. Alama zake zilinganishwe na za wenzake wa umri na elimu kama yake; na Hospitali ya Mirembe, iliyopo hapa Dodoma, ni mahali panapofaa kuianza kazi hiyo. Tena asinyimwe haki kwa alama za kipimo kimoja, kabla ya kusikilizwa jamaa zake na kutazamwa maisha yake.

Chama chetu kinaamini kwamba binadamu wote ni sawa. Aliyekosa dawati utotoni, akaitetea nchi ujanani, asihukumiwe uzeeni kwa kosa la kukosa dawati.