Kibiongo Si Jina la Maradhi Haya

Mijadala ya istilahi katika vyama vyetu vya Kiswahili aghalabu huhusu tarakilishi na kompyuta, rununu na simu ya mkononi. Nami nimeishiriki kwa furaha, hadi mpwa wangu wa miaka 13, mkazi wa Umoja, alipoambiwa kwamba uti wake wa mgongo umepinda. Alirudi nyumbani na karatasi ya mazoezi iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu. Mama yangu, ambaye ndiye angemsimamia kila jioni, aliitazama, akaikunja, kisha akauliza: "Kwa hivyo mjukuu wangu ni kibiongo?"

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Kibiongo ni mgongo uliotokeza kwa nyuma, kama ule unaoweza kusababishwa na kifua kikuu cha mifupa. Skoliosisi ni jambo jingine: uti hupinda kuelekea upande na pingili zake hujizungusha, hata mbavu za upande mmoja zikatuna mtoto anapoinama. Mpindo huhesabiwa kuwa skoliosisi ukifika digrii 10. Huwapata vijana wapatao 2 au 3 katika kila 100, na ule unaozidi huwaandama zaidi wasichana, hasa wanaporefuka kwa kasi. Kwa wengi wao chanzo hakijulikani. Si mkoba wa vitabu, si kubeba mitungi ya maji, wala si laana. Kumwita msichana kibiongo mbele ya ploti nzima ni kumfunza kujificha ndani ya sweta, na anayejificha huonekana mpindo umeshakomaa.

Mjerumani Katharina Schroth, aliyekuwa na mpindo huo mwenyewe, alifungua kituo cha mazoezi mjini Meissen mwaka wa 1921. Katika njia yake mgonjwa hujirefusha, kisha huvuta pumzi na kuielekeza kwenye mbavu zilizobonyea, akijitazama katika kioo. Ukuta, mkeka na kioo vinaweza kupatikana hata katika chumba kimoja cha Kayole. Isidhaniwe kwamba mazoezi hunyoosha kila mgongo. Yanaweza kusaidia kuzuia mpindo mdogo usiongezeke. Unaozidi digrii 25 kwa mtoto angali anakua aghalabu huhitaji pia vazi gumu la kushikilia kiwiliwili, na unaokaribia 50 huwa kazi ya mpasuaji. Tena zoezi hupangwa kulingana na mpindo wa mtu. Anayepumulia upande usio wake hafaidiki, na upande huo huonyeshwa kwa maneno.

Wapo wasemao Kiswahili hakina maneno hayo. Siafiki. Pingili, nyonga na kiwiliwili tunazo. Mbonyeo na mbinuko hutumiwa Tanzania kuelezea vioo na lenzi. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Sheria basi ipo. Karatasi ndiyo haipo. Alasiri moja ya wanachama wetu pamoja na wataalamu wa viungo ingetosha kuianza, na kama vijana wa Dandora wataipenda zaidi kwa Sheng, sitagombana nao.

Ile ya mpwa wangu tuliifasiri mezani, mtaalamu wake akaipitia. Nilipoandika "mbonyeo" msichana alinikosoa: "Mjomba, andika 'pale palipobonyea.' Nyanya atajua mahali pa kuweka kiganja."