Bustani ni ya sufuria yako, si ya mkaguzi

KUTOKA KAMEMBE
Na Emmanuel Habarugira

Tangu Bukavu, mji jirani wa Kongo, uingie mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025 na benki zake kufungwa, mkazi wa Kamembe hahitaji kuelezwa vita hufanya nini sokoni. Mama anayevuka kwa jeto, kibali cha kuvuka mpaka, kwenda kuuza nyanya ng'ambo, mpaka ukifungwa, watoto wake ndio wa kwanza kujua. Tuliyaona Machi 2020 wakati wa Korona, tena bila risasi kulia.

Kwa hiyo nasema: kila nyumba ya wilaya yetu ya Rusizi ilime mboga zake.

Si jambo geni. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walihimizwa kung'oa maua na kupanda viazi. Marekani, mwaka 1943, bustani za nyumbani zilikadiriwa kufika milioni 20. Watu walilima, wakala walichokilima. Kwetu Rwanda vita hivyohivyo vilikuja kivingine. Wabelgiji walidai chakula kipelekwe kwenye migodi ya Kongo, wakawatoa wanaume mashambani kwa kazi za shuruti. Mvua ilipokosekana ikaja Ruzagayura, njaa ya 1943 na 1944. Makumi ya maelfu walikufa, wengine wakakimbilia Kongo na Uganda. Hawakufa kwa uvivu. Walilima kwa amri, mavuno yakaliwa na wengine.

Ndiyo maana inaniuma kuona akarima k'igikoni, bustani ya mboga ya nyumbani, kanapandwa leo kwa sababu kiongozi anakuja kesho, kisha kanaachwa kakauke. Bustani hiyo haimlishi mtu.

Wapangaji huniambia hawana ardhi. Gunia moja linatosha kuanzia. Lijaze udongo na samadi, katikati ukipandisha nguzo ya kokoto ili maji yafike chini. Toboa matundu ubavuni, pandikiza dodo, yaani mchicha. Baada ya wiki tatu au nne utachuma. Using'oe mche, kata majani, acha shina lichipue tena. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, maji uliyooshea mboga yamwagie humo.

Gunia halitakupa mchele wa Bugarama wala samaki wa sambaza. Litakuokolea pesa ya mboga ya kila siku, na mtoto hatakula ugali mkavu eti kwa sababu mpaka umefungwa.

Wenye nyumba, waruhusuni wapangaji waweke magunia uani. Nanyi wapangaji, msingoje mkutano wa umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Mvua za Septemba zikianza, miche iwe tayari.