Chekechea za Eastleigh zifunze ufundi wa sanaa, si kujaza rangi tu

Somo la sanaa katika chekechea nyingi za Eastleigh ni karatasi ya kopi. Juu yake kuna ndizi, samaki au mwavuli uliochorwa na mtu mwingine, na kazi ya mtoto ni kuipaka picha hiyo rangi bila kuvuka mstari. Akimaliza mapema anapewa karatasi nyingine. Kazi hiyo humtuliza mtoto na kumpa mwalimu nafasi ya kusahihisha madaftari, lakini haimfundishi kuchora, kwa kuwa uamuzi wote umekwisha kufanywa kabla hajashika kreyoni. Mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kufundishwa ufundi wenyewe: kuchanganya rangi mbili akapata ya tatu, kuunganisha vipande vya udongo visiachane vikikauka, kukata duara kwa kuzungusha karatasi huku makasi yakitulia, kuchapa kwa muhuri wa kiazi, kupitisha utepe wa kitambaa juu na chini hadi upatikane mkeka mdogo. Tena afundishwe kwa kufanya, katika mradi mmoja utakaochukua wiki mbili au tatu mpaka ukamilike, badala ya kurukia jambo jipya kila siku.

Mtaala hauzuii hilo hata kidogo. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchini kote Januari 2019, kuanzia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, hadi gredi ya tatu, shughuli za ubunifu ziliwekwa miongoni mwa maeneo rasmi ya kujifunza ya chekechea, na zimebaki humo hata baada ya masomo kupunguzwa. Shida iko kwenye yale tunayoyathamini. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulisisitiza kazi za mikono, lakini sanaa na ufundi vilipoondolewa katika mitihani ya darasa la nane mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule nyingi ziliacha kuvifundisha, ingawa ratiba iliendelea kuvitaja. Chekechea haina mtihani wa taifa, ila mzazi anayelipa karo katika shule ya binafsi ya Eastleigh Section II ana kipimo chake: je, mtoto ameanza kuandika na kusoma? Mwalimu anakijua kipimo hicho, na muda wa sanaa unaliwa na herufi za nukta za kufuatisha.

Basi na tuanze na hicho kipimo cha mzazi, kwa kuwa ni haki yake kukiuliza. Mwaka wa 2012, Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, na Laura Engelhardt walichapisha utafiti uliohusu watoto wa takriban miaka mitano ambao hawakuwa wamejua kusoma. Herufi na maumbo mengine watoto waliyaandika kwa mkono huru, mengine wakayafuatisha juu ya nukta, mengine wakayabonyeza kwenye kibodi. Walipopimwa kwa mashine ya MRI, sehemu za ubongo zinazotumika katika kusoma ziliamka walipoonyeshwa herufi walizoziandika kwa mkono huru. Zile za nukta na za kibodi hazikuziamsha hivyo. Maelezo ya watafiti yanastahili kusomwa na kila mwalimu wa PP1: mtoto anapoandika mwenyewe, kila herufi hutoka tofauti, moja imepinda na nyingine imelala, na ni kwa kuona tofauti hizo ndipo anapotambua kinachoifanya herufi iwe hiyo na isiwe nyingine. Nukta humnyima makosa anayoyahitaji. Utafiti huo ulikuwa mdogo, wa watoto 15, na ulihusu herufi zaidi ya picha. Hata hivyo unauliza swali zito kuhusu rundo la karatasi tunazowapa watoto wafuatishe. David Grissmer na wenzake nao walichambua mwaka wa 2010 takwimu za maelfu ya watoto wa Marekani na Uingereza, wakaona kwamba wepesi wa vidole kabla ya kuanza shule huashiria jinsi mtoto atakavyofanya katika hesabu na kusoma miaka kadhaa baadaye.

Hapa watetezi wa sanaa huvuka mpaka. Huwaahidi wazazi kwamba kuchora kutapandisha alama za hisabati. Ellen Winner na Lois Hetland wa Harvard walikusanya tafiti za miaka mingi kuhusu dai hilo na kutoa ripoti mwaka wa 2000. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kusoma sanaa za kuchora huinua alama za masomo mengine. Ukweli huo usifichwe. Sababu ya kufundisha ufundi wa sanaa ni kwamba ufundi huo wenyewe ni elimu: kutazama kitu kwa makini, kupanga hatua, kuvumilia kilichoharibika na kukirudia. Mkono mwepesi utakaoshika penseli vizuri ni faida ya ziada, nayo si ndogo.

Kuna pingamizi jingine, nalo hutoka kwa watu wanaoipenda sanaa. Wanasema mtoto mdogo aachwe huru, kwamba ukimfundisha namna ya kushika brashi unamuua msanii aliye ndani yake. Mjadala huu ni wa siku nyingi Afrika Mashariki. Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka wa 1937, aliogopa kuwalisha wanafunzi mbinu za Ulaya. Aliwasimulia tukio, nao wakalichora kama walivyoliona akilini. Cecil Todd aliyemrithi mwaka wa 1958 aligeuza mwelekeo, akasisitiza nadharia ya rangi, mbinu na historia ya sanaa ya dunia. Hofu ya Trowell ilikuwa na msingi, maana mwalimu anayemlazimisha kila mtoto achore nyumba ileile yenye paa jekundu anafunza utii. Lakini mbinu na kielelezo ni vitu viwili. Mtoto aliyeonyeshwa kwamba vipande viwili vya udongo hukwaruzwa na kupakwa uji wa udongo kabla ya kuunganishwa hajaambiwa atengeneze nini. Amepewa uwezo wa kumfanya ngamia wake asimame bila miguu kung’oka. Asiyeonyeshwa huona kazi yake ikivunjika mara tatu, akaamini kwamba yeye hana kipaji. Uhuru wa namna hiyo ni kumtelekeza mtoto.

Eastleigh ni mahali pa pekee kwa kazi hii, na inasikitisha kwamba chekechea zake zinanunua vitabu vya kupaka rangi. Jioni, First Avenue hujaa katoni zilizotupwa na maduka. Kila moja ni ubao wa kuchorea, nyumba ya kujenga, fremu ya kufumia. Majora ya vitambaa yanayoshushwa hapa huenda Kenya nzima na kuvuka mipaka, na mafundi cherehani wanaoshona madera hufagia vipande vya kila rangi chini ya meza zao. Masokoni kuna manjano, hina na maua makavu ya rosela, ambayo yakichemshwa au kulowekwa hutoa rangi za njano, kahawia na nyekundu. Udongo mweusi wa Eastlands hunata vizuri mkononi, ingawa hupasuka ukikauka, kwa hiyo hutiwa mchanga kidogo; hilo pekee ni somo zuri la wiki moja kwa PP2. Usichotwe kando ya mitaro ya maji machafu, na pasipopatikana safi, unga wa ngano na chumvi vinatosha. Rangi za mafuta za kupaka kuta zisifike darasani, wala piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, ambayo kemikali yake huweza kuunguza ngozi ya mtoto.

Wakazi wenyewe, wengi wao Wasomali, ni urithi wa ufundi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka wa 1331 aliandika kuhusu nguo zilizofumwa huko na kuuzwa hadi Misri, na ufumaji wa Benadir, pwani ya Mogadishu, bado unajulikana kwa wazee wengi wa Kisomali. Wanaopaka hina huwashinda walimu wengi wa sanaa katika kuvuta mstari mwembamba bila kutetemeka. Mmoja wao akialikwa darasani mara moja kwa muhula, watoto watajifunza utulivu wa mkono kutoka kwa mtu wanayemheshimu mtaani.

Lakini je, dini? Wazazi wengi Waislamu wa mtaa huu hawapendi picha za viumbe hai, na shule inayowapuuza itapoteza imani yao kwa haki. Wanazuoni wamelijadili jambo hili kwa mapana; wengi huruhusu vya kuchezea vya watoto kwa hadithi ya Bibi Aisha na wanasesere wake. Hata anayechukua rai kali zaidi anabaki na uwanja mkubwa: maumbo ya jometri, mimea, nakshi kama za milango ya Lamu, mwandiko. Katika jadi ya duksi, yaani vyuo vya Kurani vya Wasomali, mtoto mdogo huandika aya kwa kalamu ya kijiti na wino mweusi juu ya ubao uitwao loox, kisha huuosha na kuanza tena. Jamii inayomkabidhi mtoto wino wa namna hiyo haina sababu ya kumnyima brashi. Pwani ya Kenya imekwisha kuonyesha njia. Mpango wa chekechea za Madrasa, ulioanzishwa Mombasa miaka ya 1980 na Wakfu wa Aga Khan na kusimamiwa na Bi Swafiya Said, uliunganisha mafunzo ya Kiislamu na kujifunza kwa kucheza na kufanya, kwa vifaa vilivyotengenezwa kutokana na vitu vya mazingira. Ulienea Zanzibar na Uganda. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliutathmini mwaka wa 2008 na kukuta watoto wake wakiendelea vizuri zaidi kiakili kuliko wa chekechea nyingine na wasiosoma kabisa.

Kuhusu gharama na fujo, hoja ni nyepesi kuliko zinavyosikika. Wazazi walichoshwa na kugharamia vifaa na uchapishaji wa picha mtaala mpya ulipoanza, na hawapaswi kutumwa tena kwenye maduka ya saiba. Vifaa nilivyovitaja vingi ni vya kuokota. Darasa la watoto 40 katika chumba cha ghorofa haliwezi kupaka rangi lote kwa pamoja, na halihitaji. Watoto wanane wakae kwenye kona ya sanaa huku wengine wakifanya jambo jingine, na kufikia Ijumaa wote watakuwa wamepita.

Jambo zito kweli ni mwalimu. Hatuwezi kumdai afundishe kukanda udongo ikiwa mafunzo yake mwenyewe yalikuwa ya kunakili maelezo ubaoni. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa kaunti, kwa hiyo mlango wa kubisha ni wa City Hall, makao ya Kaunti ya Nairobi. Wasanii hawako mbali: kundi la Brush Tu lilianzia Buruburu, na wasanii wa kundi la Wajukuu wa Mukuru, ambao kwa miaka mingi wamefundisha watoto wa mtaa wao, walialikwa mwaka wa 2022 kwenye maonyesho ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani, na kutunukiwa tuzo ya Arnold Bode. Kaunti iwalipe wasanii wa aina hii wawafunze walimu wa Kamukunji, eneo bunge lenye Eastleigh, wakati wa likizo, walimu wa shule za umma na wa zile za binafsi za mitaani pamoja, wakiwa wamekunja mikono ya nguo na udongo mezani, na iwalipe walimu posho ya siku hizo. Mafunzo ya Aprili yanaweza kuonekana madarasani muhula wa pili unapofunguliwa.