BERINGI ICHAGULIWE KWA KAZI, SI KWA TUNDU



Wengi hudhani beringi ni habari ya stoo tu. Sisi wa Changamwe twajua ni habari ya mkate wetu, na ya mikono yetu pia. Ekseli ikishika moto katika kupanda Mazeras, haitwi karani kujieleza. Huitwa fundi aliyeifunga.

Majuzi wenzetu wa karakana moja walipewa beringi ya gololi mahali pa beringi ya rola, eti tundu ni lile lile. Winchi haikufika mwisho wa mwezi. Fundi ndiye aliyepata barua. Jambo hili hatulikubali.

Tazameni wenyewe. Tarakimu mbili za mwisho wa namba, kuanzia 04, ukizizidisha kwa 5 wapata tundu kwa milimita. Basi 6210 na NU210 zote mbili zina tundu la milimita 50, na hata upana na unene wa nje ni sawa. Lakini 6210 ni ya gololi, hupenda mbio na mzigo wa kadiri. NU210 ni ya rola: hubeba mzigo mzito utokao juu, ila haizuii msukumo wa ubavuni hata kidogo. Panapo mizigo yote miwili hutakiwa rola za mshazari, ambazo Henry Timken alizipatia hati Marekani mwaka 1898.

Tena, mzigo ukiongezwa mara mbili, umri wa beringi ya rola haupungui nusu. Hubaki kama sehemu moja ya kumi.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, fundi aulizwe kabla ya kununua. Pili, viletwe vyombo vya kuvuta na kupasha moto beringi, tuache kupiga nyundo. Tatu, beringi iliyovunjika isitupwe, ichunguzwe mbele ya kamati ya usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati hiyo penye wafanyakazi 20 au zaidi. Ambako haipo, idaini.

Nasi tusijipendelee. Tusome namba kabla ya kupokea. Tusifungue karatasi yake mapema, maana vumbi na chumvi ya pwani huila. Isiyofaa tuirudishe stoo, tena kwa maandishi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.